Tuhesabu Makosa, au Tupime Kazi?

Kuna kazi ambazo watu huzitamani mpaka siku wanapopewa. Kazi ya mwamuzi ni mojawapo. Kiangazi hiki hapa Bukama tumekuwa na kazi mbili kwa zamu. Mara tulisaidia vijana kupanga maandamano ya fanfari zao: nani atangulie, safu zigeuke wapi, tarumbeta zilie lini na ngoma zinyamaze lini. Mara tuliketishwa mezani, kalamu mkononi, kuhukumu vikundi vya wengine. Katika kazi hizo zote mbili swali moja lilitufuata, nalo laonekana dogo lakini si dogo: mwamuzi mwenye haki aanzie wapi hesabu yake, kwenye makosa au kwenye kazi?

Mashindano ya namna hii si mageni katika nchi zisemazo Kiswahili. Tangu miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa waliiga bendi za Wazungu, wakaipa ngoma yao jina la beni, neno litokalo katika Kiingereza. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi. Wakati wa vita kuu ya 1914 hata 1918, Marini na Arinoti zilienea Tanganyika, askari na makarani wakizichukua toka mji hata mji, na baadaye beni ikafika mpaka Katanga kwetu. Walikuwa na vyeo, sare, na mwendo wa kijeshi. Meza ya waamuzi hawakuwa nayo. Je, hawakuhukumiwa? Walihukumiwa sana! Mji wenyewe ulihukumu, kwa kelele zake na kwa masengenyo ya kesho yake, na waliozidiwa walitafuta fedha za kuwapita wenzao kwa mavazi na kwa karamu. Basi asiseme mtu kwamba tukiondoa waamuzi tutaondoa hukumu. Pasipo mwamuzi, mfuko ndio huamua.

Mjukuu mmoja wa beni ni ngoma ya kalela. Mtaalamu J. Clyde Mitchell aliiona mwaka 1951 huko Luanshya, katika migodi ya shaba ya Zambia ya leo, akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1956. Wachezaji walikuwa vijana wa Kibisa, nguo safi, viatu vinang'aa. Ngoma zao zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Kati yao alikuwapo “daktari” katika kanzu nyeupe, na “nesi” aliyezunguka na kioo na kitambaa ili kila mchezaji ajitazame na kufuta jasho. Sisi twakipenda kioo hicho kuliko mambo mengine yote ya habari ile. Karatasi yenye safu tatu, mlio, hatua na mavazi, ingekiandika wapi? Mwamuzi angekiona kuwa ni mtu kutoka katika mstari, akapunguza alama.

Huko Uingereza walitafuta haki kwa njia nyingine. Katika mashindano ya bendi za shaba, ambayo pale Belle Vue, Manchester, yalianza mwaka 1853, ikawa desturi kumfungia mwamuzi ndani ya hema asione ni bendi gani ipigayo. Ni busara nzuri kwa sikio. Lakini maandamano hayahukumiwi kwa sikio peke yake. Ukimziba macho mwamuzi wa fanfari, umemwondolea upendeleo pamoja na nusu ya kazi yake. Lazima aone, na akiona atamtambua mtoto wa jirani yake. Mithali husema mcheza kwao hutunzwa. Ni neno zuri kwa mchezaji, lakini kwa mwamuzi ni hatari.

Turudi sasa kwenye makosa. Marekani wana vikundi vya vijana vya ngoma na tarumbeta, vyenye mashindano makuu ya kila mwaka tangu 1972. Hapo kwanza waamuzi walitembea katikati ya safu, na kila kosa dogo walilolikuta lilipunguza sehemu ya kumi ya alama moja. Hesabu hiyo ilikuwa na sifa kubwa: kosa laweza kuonyeshwa. Lakini waliopanga maonyesho walijifunza upesi kwamba jambo gumu lina makosa mengi, na jambo jepesi lina machache. Mwaka 1984 wakaiacha. Toka hapo mwamuzi huuliza kwanza ni kitu gani kilichopangwa, kisha kimetendwa namna gani.

Twafahamu maana ya badiliko hilo kwa sababu tumeliona hapa kwetu. Karatasi tuliyopewa kiangazi hiki ilianza na alama 100 ikashuka. Kilikuja kikundi kimoja toka ng'ambo ya Lualaba, watoto 24, ngoma za mapipa, tarumbeta mbili tu, na moja imefungwa kwa utepe. Walikuwa na mgeuko ambao hatujauona mahali pengine: safu nne zapishana, hizi zikipenya katikati ya hizi kama meno ya vitana viwili, na pigo halisimami. Mara ya tatu watoto wawili wakagongana, kofia ikaanguka, na walio nyuma yao wakapoteza hatua. Ngoma ikaendelea. Baada yao kikapita kikundi chenye glovu nyeupe na vyombo vipya. Kilitembea moja kwa moja, kikageuka mara moja, kikaenda zake. Tuliandika kwa uaminifu kama karatasi ilivyotaka: wa kwanza walipoteza alama 11, wa pili 4.

Kiongozi wa wale wa ng'ambo hakugomba. Alikuja mezani kwa adabu, akauliza: “Mwalimu, basi mwaka kesho tutembee tu?”

Swali hilo lina uzito kuliko alama 11. Maana tujuavyo, karatasi ya mwamuzi haiishi siku ile ya mashindano. Huenda nyumbani na wakubwa wa vikundi, nao hupanga kwa kuitazama. Kwa hiyo aandikaye karatasi ndiye mpangaji wa kwanza wa maonyesho ya mwaka ujao, ingawa hajui hata kupuliza tarumbeta. Akihesabu makosa tu, atavuna watoto wasiothubutu. Mtumishi yule aliyefukia talanta yake ardhini hakupoteza hata senti moja. Kwa karatasi yetu angalipata 100.

Hapa Haut-Lomami tuna mfano wa karibu. Mwaka 1958, kule Kamina, Padre Guido Haazen na waimbaji wake, watoto wa shule pamoja na walimu, waliimba kwa mara ya kwanza Missa Luba, na mwaka uleule wakaiimba Ulaya, hata kwenye Maonyesho makuu ya Brussels. Sehemu kubwa ya nyimbo zile haikuandikwa kabla; waimbaji waliitunga pale pale juu ya mitindo waliyoijua, na Kyrie yake yafuata kasala, wimbo wa maombolezo wa Kiluba. Mwamuzi wa makosa angeshika karatasi gani mbele yao? Hakuna nota ya kuikosea.

Hata hivyo tusidanganyane. Wenzetu mezani walipinga, na pingamizi lao lina nguvu. Walisema: kosa twaweza kumwonyesha mzazi yeyote, lakini “ugumu” na “uzuri” vimo katika kichwa cha mwamuzi, na katika kichwa hicho wamo pia shemeji zake. Tena mwamba ngoma huvutia kwake. Sisi ambao tumepanga maonyesho twapenda migeuko kwa sababu ni mazoea yetu, na mwingine asiyeipenda ataona fujo tu. Ni kweli. Ujuzi umpao mtu haki ya kuhukumu ndio huohuo umpao upendeleo, na hatujui dawa ya kuutenga mmoja na mwingine.

Tulichoweza kukubaliana ni kidogo. Karatasi ya mwaka kesho itakuwa na mstari mmoja juu, kabla ya makosa: kila kikundi kitaandika chenyewe kimejaribu kufanya nini, na mwamuzi ataanza hapo. Makosa yatahesabiwa bado. Karatasi itasomwa mbele ya wakubwa wote kabla ya mazoezi, asije mtu akapanga gizani. Uzani wa mstari ule hatujaumaliza. Mmoja wetu ataka alama 20, mwingine ataka 40, na mzee mmoja ataka 5 tu, akisema watu wataandika maajabu katika karatasi na kuonyesha matembezi barabarani. Wale wa ng'ambo wameanza mazoezi mapema, jioni, karibu na maji. Mgeuko wao wameuongezea safu ya tano.