Goti la Nani?

Wahenga wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali nzuri, inatia moyo. Ila ukimwambia mwanariadha aliyeumia goti siku chache kabla ya mashindano, ina kasoro moja: mhunzi akivunjikiwa na koleo hununua jingine. Mkimbiaji ndiye mhunzi na ndiye koleo. Akivunjika yeye, duka la kwenda hakuna.

Sasa huyu mwenye maumivu akimbie au ajitoe? Tumezoea kulipeleka swali hili kwa daktari. Mimi naona lina upande ambao daktari hana dawa yake.

Tarehe 20 Oktoba 1968, huko Mexico City, Waafrika Mashariki wawili walikutana na swali hilo siku moja. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa anaumwa nyongo. Siku chache nyuma alikuwa ameanguka kwenye mbio za mita 10,000, na madaktari wakamkataza kukimbia. Akakimbia mita 1,500, akashinda kwa 3:34.9. Siku hiyohiyo John Stephen Akhwari wetu, mtu wa Mbulu, alianguka katikati ya marathoni, goti likateguka. Akafungwa bandeji, akaendelea. Alimaliza wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule ili aanze mbio, bali azimalize.

Jibu lile tumelifanya wasia wa taifa. Lakini Akhwari alijisemea nafsi yake: goti lake, na mbio ameshazianza. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza marathoni akiwa wa tano. Yaani goti lilikubali. Je, lingegoma moja kwa moja? Ujasiri ungekuwa uleule, ila gharama ingekuwa nyingine, na sisi wasimuliaji tusingechangia hata senti.

Mbona David Rudisha hatumsimulii hivyo? Mwaka 2012 alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 London, 1:40.91. Mwaka uliofuata goti likamsumbua, akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Hakuna bandeji iliyopigwa picha, hakuna kilio uwanjani. Alikaa nje, akatibiwa, na mwaka 2016 akachukua tena dhahabu ya Olimpiki, Rio. Kukaa nje nako kunataka roho ngumu, tena bila makofi.

Hadithi tunazochagua kusimulia hushuka hadi huku mitaani. Hapa Tanga, zikiwa zimebaki siku chache kuelekea UMISSETA, binti wa jirani yangu, miaka 16, alikuwa anarudi mazoezini akichechemea. Nikamuuliza. Akaangalia pembeni kwanza.

"Mjomba, nakuomba usiseme. Nikitolewa mwaka huu ndiyo basi tena."

"Na mguu ukikutoa wenyewe je?"

"Mbona yule mzee wa Mexico alimaliza?"

Hapo nikaona jambo tulilofanya. Akhwari alikuwa mtu mzima wa miaka 30, anajua anachotoa. Huyu alikuwa anatoa goti ambalo hajalitumia hata nusu, kwa sababu anaogopa kusahauliwa. Uamuzi unaofanywa kwa hofu ya namna hiyo siwezi kuuita hiari. Tena kulikuwa na msichana mwingine, mzima wa afya, anasubiri nafasi ileile. Kuficha maumivu kulikuwa kumnyima na yeye.

Nikampa hadi asubuhi amwambie mwalimu mwenyewe, la sivyo ningesema mimi. Alisema. Akaninunia juma zima, na sikumlaumu.

Jamani, sisemi Akhwari tumsahau. Nasema tumsimulie vizuri: alichotoa kilikuwa chake, na alikitoa yeye. Mtazamaji anayepiga kelele "kaza roho!" kutoka jukwaani ajiulize kwanza hilo goti ni la nani. Na kama anaonunua ujasiri kwa mwili wa mtoto wa mwenzake, basi roho iliyokazwa pale si yake.