Mkuki wa Sauli Mezani

Somo: 1 Samweli 20:24–34, 23:15–18, 2 Samweli 13:1–5

Kwa wale ambao hamkufika Jumapili iliyopita, hili ndilo neno tuliloshiriki. Na ninyi mliokuwapo, someni tena, maana wengine mlikuwa mnaangalia saa.

Niliuliza: wangapi tuko na kijana wa sekondari nyumbani? Mikono ikainuka karibu kanisa zima. Nikauliza tena: wangapi tunamjua rafiki yake wa karibu, jina lake na kwao? Mikono ikashuka.

Nianze na kosa langu mwenyewe. (Familia zote mbili zimekubali niliseme.) Mama mmoja alikuja ofisini analia. Binti yake wa kidato cha pili amekonda, halali, alama zimeanguka. Mama alikuwa na hakika shida ni rafiki yake fulani, ambaye kwao hawaendi kanisa. Na mimi mchungaji wenu, bila kumuuliza yule binti hata swali moja, nikafungua 1 Wakorintho 15:33 nikasema huyo rafiki aondolewe. Wakakatazwa hata kutembea pamoja kutoka shule. Majuma matatu baadaye binti alikuwa hali kabisa.

Jumatano moja, nikitoka maombi ya mchana, nikakuta msichana langoni na sare ya shule. Akaniambia, "Pasta, mimi ndiye nilikuwa nakaa na yeye wakati wa lanchi mpaka amalize kula." Nikanyamaza. Akaendelea: "Aliniambia anaona ni heri afe. Nikaapa sitamwambia mtu. Sasa hata mimi silali."

Miaka 15, wapendwa. Amebeba maisha ya mwenzake kwa begi moja na vitabu.

Sasa mtazame Yonathani. Tunapenda kuhubiri lile agano lake na Daudi, lakini twende mezani. Ni sikukuu ya mwezi mwandamo, siku ya pili, kiti cha Daudi ni kitupu. Sauli anauliza, Yonathani anamtetea rafiki yake. Baba anafanyaje? Anamtukana kijana, anamtukana na mama yake, halafu anarusha mkuki. Kwa nani? Kwa mtoto wake mwenyewe! Yonathani akaondoka mezani na siku hiyo hakula chakula, kwa sababu ya uchungu wa rafiki yake. Mnaona? Taabu ilikuwa ya Daudi, na aliyekosa kula ni Yonathani.

Mzazi, mkuki wako ni upi? Mtoto anakwambia, "Mum, rafiki yangu hayuko sawa," unajibu, "Ndiyo maana nilikukataza yule!" Huo ni mkuki. Baba anasema, "Sisi tulitembea kilomita kumi bila viatu na hatukuwa na stresi." Mkuki mwingine huo. Hatarudi kukwambia tena, mpendwa. Ile siri atabaki nayo.

Na siri ikibaki kwa watoto wawili peke yao, inawachosha wote wawili. Mtafiti mmoja wa Marekani, Amanda Rose, aliandika mwaka 2002 kuhusu vijana wanaorudia-rudia matatizo yao wao kwa wao. Aliona ya kwamba urafiki wao ni wa karibu zaidi, lakini na huzuni na wasiwasi pia viko juu. Kwa hiyo kusikilizana ni kuzuri, ila wanahitaji mtu wa tatu mwenye nguvu kuwaliko.

Sisemi kila rafiki ni Yonathani. Amnoni naye alikuwa na rafiki, Yonadabu, tena binamu yake. Yonadabu aliona mwenzake anakonda kila asubuhi, akauliza swali zuri kabisa. Halafu akampa shauri lililomharibia Tamari maisha. Basi usihesabu tu nani anamuuliza mtoto wako habari. Sikiliza anamshauri nini. Lakini utajuaje, kama hujawahi kumkaribisha hata chai?

Vijana, hii ni yenu. Yonathani alimfuata Daudi msituni kule Horeshi akamtia nguvu katika Mungu, kisha akarudi nyumbani. Hakumtoa jangwani, na Mungu hakumlaumu kwa hilo. Wewe pia si mwokozi wa rafiki yako. Akikwambia anataka kufa, hiyo si siri ya kutunza, hata kama uliapa. Mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Akikurushia mkuki, mtafute mwingine. Nambari 116 ya watoto ni bure kupiga, popote Kenya.

Tuliomba na yule binti, na tukampeleka hospitali akaonana na mshauri. Hayo mawili hayagombani. Bado anaenda kliniki, na ziko siku ngumu. Lakini wanatembea tena pamoja kutoka shule, yeye na mwenzake.

Mimi nilienda kwao yule rafiki nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Mama akanitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka maji ya chai jikoni. Hajakuja kanisani, na siku hiyo sikumwambia aje. Nilikunywa chai.