Jicho Limesema Nini?

Wahenga walisema macho hayana pazia, yaani huwezi kulizuia jicho lisitazame. Mimi nauliza upande wa pili: jicho lenyewe likitazamwa, nani amempa mtazamaji haki ya kuhukumu?

Ndugu msomaji, weupe wa jicho haujui kuficha. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, na humo hutoka rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Kazi ya ini ni kuiondoa. Ini likishindwa, au chembe zikivunjika kwa kasi mno, rangi hiyo hujitokeza machoni. Kwetu sisi weusi huonekana hapo kuliko kwenye ngozi. Mpaka hapo jicho ni shahidi mkweli.

Taabu inaanza na sisi. Kijana akipita kijiweni na macho ya manjano utasikia, "Huyo gongo imemmaliza!" Kumbe pengine ana selimundu, kazaliwa nayo, na pombe hajawahi kuionja. Au ni malaria, au virusi vya homa ya ini. Jicho limesema damu au ini. Neno "mlevi" tumeliongeza wenyewe.

Tena hilo ni dogo. Kule Usukumani, mikoa ya Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi waliuawa katika miaka ya 1980 na 1990 kwa kudaiwa wachawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Hebu fikiri: mama kapika maisha yake yote kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe, moshi ukimwingia machoni ili wengine wale. Na hao walioshika mapanga walikuzwa kwa ugali wa mioto kama hiyo!

Mtu ataniambia, basi tusitazamane? La hasha. Mtoto mchanga akiwa wa manjano siku ile ile aliyozaliwa, mzazi akichelewa kumpeleka hospitali ubongo wa mtoto unaweza kuharibika. Lazima tutazamane. Lakini daktari akiona rangi huuliza imeanza lini, wapi panauma, kisha hupima damu. Sisi tunaona rangi ile ile na kukata shauri papo hapo.

Kwa maoni yangu, anayeona ana deni. Adaiwa kuuliza, "Pole bibi, macho yamekuwaje?" Na akishauliza, angoje jibu.