Kabla ya Kidonge cha Asubuhi

Mjukuu wangu, umerudi Gorong'a likizo na kompyuta iliyojaa michoro ya molekuli, ukanieleza kwamba siku hizi dawa hupigiwa hesabu kabla mtu yeyote hajaimeza. Nimefurahi kusikia. Miaka yangu yote ya dirisha la dawa sikuwa na chombo kama hicho. Lakini keti, mura, nikupe habari za dawa mseto.

Kanuni ya Lipinski ya mwaka 1997 unayoisoma naiheshimu. Molekuli yenye uzito unaozidi 500, au inayopenda mafuta kupita kiasi, hupenya ukuta wa utumbo kwa shida, kama shehena iliyokwama mpakani Sirari. Hata ikivuka, ini linaingojea mbele liimege. Sasa itazame lumefantrini iliyomo ndani ya ALu, dawa mseto ya malaria. Uzito wake ni kama 529, na maji haiyataki kabisa. Kwa kanuni hiyo imeanguka mara mbili. Heri Wachina waliivumbua dawa hiyo kabla kanuni haijaandikwa! Tangu mwishoni mwa 2006 ALu ndiyo dawa yetu ya kwanza ya malaria, na watoto wa vijiji hivi wamepona kwayo.

Inachohitaji ni mafuta. Ikimezwa na mlo wenye mafuta mengi, inayoingia kwenye damu imepimwa kufika hata mara 16 ya ile ya tumbo tupu. Wala si lazima uchinje mbuzi. Maziwa kidogo yanatosha.

Hilo nililijua nikiwa nimeshakosea. Nilikuwa nahesabu vidonge na kutaja saa: cha kwanza sasa, cha pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe. Mama mmoja alifuata yote, akarudi, homa imempanda mwanawe tena. Alimpa na nini? Maji matupu, kwa kuwa mtoto alikataa chakula. Mtoto wa malaria hukataa chakula, nami sikumwambia amnyonyeshe kwanza. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo namba ikikuambia dawa haifai, usiitupe kabla hujauliza itamezwa pamoja na nini, nyumbani kwa nani.

Mtoto wa jirani ameanza dozi jana jioni. Maziwa yamo ndani. Mpelekee sasa hivi, kabla ya kidonge cha asubuhi.