Fundi Aliyejazwa Roho

Somo: Kutoka 31:1-5

Kijana wetu mmoja wa hapa Ngomeni, anayesomea kemia, ameniambia anataka kuacha chuo. Mzee mmoja amemwonya kwamba wanaotengeneza maabarani vitu vya kuiga kazi ya chembe hai wanashindana na Muumba. Kijana halali. Najibu hapa gazetini, ili mzee wangu naye asome.

Hebu twende kwa mgema. Tembo la mnazi likishushwa asubuhi ni tamu, jioni limekolea, likikaa siku kadhaa ni siki. (Mnaocheka nawaona, wala siwaulizi mmejuaje!) Nani aligeuza ile sukari kuwa kileo? Ni hamira isiyoonekana kwa macho, na ndani yake mna vimeng'enya. Mwaka 1897 Mjerumani Eduard Buchner aliisaga hamira, akaikamua, na maji yale yasiyo na chembe hai bado yaligeuza sukari kuwa pombe. Kimeng'enya kina kijishimo. Sukari inaingia mle kama ufunguo kwenye kufuli, inageuzwa, inatoka, nacho kinabaki vilevile kungoja nyingine.

Sasa, mwaka 2010 kule Marekani, Mark Davis na wenzake wa chuo cha Caltech walitumia bati, madini yale ya kulehemu, wakaliweka ndani ya fuwele yenye vijitundu. Majini, bati lile liligeuza glukosi kuwa fruktosi, sukari ya matunda iliyo tamu zaidi. Viwandani kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya, ila chenyewe joto kali hukiharibu. Bati lilifanya kazi hata kwenye nyuzi 110.

Je, waliumba? Bati walilikuta. Sukari waliikuta. Hata wazo la kijishimo walilikuta. Bezaleli naye dhahabu aliikuta, na Mungu hakumwita mshindani. Alimjaza Roho Wake, akampa ujuzi wa kuchonga na kubuni. Hakuwa nabii wala kuhani, wapendwa. Alikuwa fundi!

Kiburi kipo, sikatai. Lakini kinakaa moyoni, si kwenye chupa ya maabara, na hata mimbarani huwa kinapanda.

Kijana wangu, rudi chuoni. Na wewe mzee wangu, kwa heshima zote, njoo Jumatano jioni tumwekee mikono pamoja, kisha tuzungumzie karo yake.