Usiumwagilie Tena, Mwanangu

Weka hilo kopo la maji chini kwanza, mwanangu. Maneno haya nimewaambia majirani wengi hapa Kyebando, na bado nitayasema, maana mmea hauna mdomo wa kujitetea. Majani yamenyong'onyea, na udongo umelowa chepechepe. Ukiyaona hayo mawili pamoja, hiyo si kiu. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji. Maji yakituama udongoni siku nyingi, mizizi hukosa pumzi ikalegea, kuvu ikaimalizia. Mzizi uliooza haunywi tena, kwa hiyo kadiri unavyomimina ndivyo mmea unavyozidi kunyauka.

Tena mmea wenyewe ni huu ambao wauza miche huuita ZZ, mwenyeji wa Afrika Mashariki yetu hii, aliyezoea kiangazi. Chini una viazi vyake vya kuwekea akiba ya maji. Wewe umeuhamishia kwenye ndoo ya rangi isiyotobolewa, ukaujazia udongo wa mfinyanzi wa bondeni kule Nsooba, na hii ni Aprili, mvua haikatiki. Najua ulitaka upate nafasi. Lakini katika ndoo kubwa kuna udongo mwingi ambao mizizi haijaufikia, nao unakaa na maji yasiyo na wa kuyanywa.

Haya, utoe taratibu, uulaze juu ya gunia. Nusa. Unaisikia harufu ya kinamasi? Vuta mzizi huo wa kahawia: ganda limekubakia vidoleni, ndani ni uzi mtupu. Huo umekufa. Huu mweupe, mgumu, ni mzima, uache. Osha yote, pitisha kisu kwenye moto, kisha ukate hadi ufike penye nyama safi. Kiazi kinachobonyea kitupe, usikihurumie. Uache mmea kivulini siku moja au mbili, vidonda vikauke.

Tafuta chombo kinachoitosha mizizi iliyobaki, si zaidi, ukitoboe chini. Changanya udongo mwepesi na mchanga wa Lwera, ule wenye chenga nene, pamoja na vipande vya mkaa. Kokoto za chini wanazokushauri watu, achana nazo. Maji hayashuki kwa wepesi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto; hubaki juu yake, karibu na mizizi. Jambo hili nimechoka kulibishania, lakini ndivyo lilivyo.

Mbolea usitie. Maji usitie wiki nzima, na baada ya hapo zamisha kidole kwanza. Ukikuta unyevu, ondoka.

Na kama viazi vyote vimeoza, chuma vijani vizima uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Vitaota, ingawa utangoja miezi mingi. Chomeka vitatu vinne leo hii, kabla uozo haujapanda kwenye mashina.