Falanga ya Mkononi Kule, Deni Huku



Katika kurasa hizi tumezoea kusema juu ya mahari, matanga na majina ya mapacha. Safari hii tunasema juu ya unga. Wengine watauliza: unga nao ni desturi? Sisi tunajibu kwamba hakuna desturi ya hapa kwetu Lubumbashi isiyopita kwenye sahani ya bukari. Na mahali unaponunua unga, na namna unavyoununua, ni jambo la tabia njema au mbaya sawa na mambo mengine.

Neno lilianza hivi. Mwezi wa Disemba ulikuwa karibu, na chama chetu kilitaka kupika chakula cha mwisho wa mwaka kwa wanachama na jamaa zao. Mtunza-hazina alileta karatasi ya bei mbele ya mkutano: mifuko 4 ya unga ya kilo 25, mafuta, mchele, maharagwe, kuku wa frigo na vinywaji. Vyote kutoka magazini moja kubwa ya mjini, zile tunazoita supamarshe. Sababu zake zilikuwa za mtu mwenye akili. Bei imeandikwa, hakuna kubishana, na juu ya yote wanatoa fakture. Tungemaliza kwa dakika tano. Lakini mwanachama mmoja, mwalimu wa zamani anayekaa Katuba, akainua mkono na kuuliza: "Na mama wa pa kona, je?"

Watu walicheka kwanza. Kisha wakanyamaza, maana kila mmoja alimjua mama huyo. Butike yake iko nyuma tu ya nyumba tunamokutania. Kukiwa na kilio, mabenchi yanatoka kwake. Sukari ya mikutano yetu inaandikwa katika kaye yake, na inalipwa pale inapolipwa. Na katika wale waliocheka, si wachache ambao majina yao yamo ndani ya kaye ile.

Mwalimu hakusema mengi. Alisimulia jambo moja tu lililompata yeye mwenyewe. Kulikuwa na wakati mishahara ya serikali haikufika kwa miezi, na nyumba yake ilikula kwa meka za mama huyo. Jioni mtoto anatumwa: "Mama, baba anasema utupatie meka moya, atalipa mwisho wa mwezi." Mama anapima, anaandika. Siku moja malimbikizo yakatoka. Mwalimu, kwa furaha, akampeleka mke wake na watoto mjini katika magazini kubwa, wasukume ile gari ndogo ya vyuma nao siku moja. Wakarudi na masashe mazuri. Kupita mbele ya butike, mama alikuwa amekaa mlangoni. Aliwasalimia vizuri, akauliza habari ya watoto. Kesho yake mwalimu alikwenda kulipa nusu ya deni, na mama akamwambia: "Mwalimu, nilikuona jana. Si kitu. Lakini weye kila siku unaniletea jina, makuta unapelekea bengine."

Sisi tunaona kwamba neno zima liko hapo.

Wengi wa vijana wetu wanadhani duka kubwa ni jambo jipya lililokuja na biashara ya leo. Si kweli. Baba zetu walilishwa na duka kubwa kuliko haya yote. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa inamgawia mfanyakazi posho: unga, mafuta, chumvi, maharagwe, samaki au nyama, kwa kuhesabu na mke na watoto. Ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, kantini zake ziliendelea, na mtu aliyekaa katika kambi ya wafanyakazi hakuwa na haja ya kumjua muuzaji yeyote wa mtaani. Bado wako wazee wanaokumbuka harufu ya kantini kama mtu anavyokumbuka nyumba ya baba yake. Na ndivyo kampuni ilivyoitwa: baba. Mwaka 2001 Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alitoa kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, na katika jina lake aliwaita Bana Shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo linatosha.

Maana baba alituacha kweli. Mwaka 1973, tarehe 30 Novemba, serikali ilitangaza kunyang'anya biashara za wageni na kuwapa wenyeji, na waliokuwa wakubwa wakati ule wanajua namna mashelfu yalivyobaki matupu baada ya muda mfupi. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa uporaji, na hapa Lubumbashi magazini zilivunjwa mwezi wa Oktoba 1991. Tangu hapo mishahara ya Gécamines ikawa hadithi, mpaka mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 walipoondoka kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kama ilikuwa hiari, waulizwe wenyewe.

Katika miaka ile mirefu nani alilisha mji? Ni bamama. Mke wa mfanyakazi, aliyekuwa akingoja posho, alitoa meza mbele ya nyumba, akapanga mafungu ya makaa, ndakala, nyanya na chumvi. Wengine walipanda malori kwenda Kasumbalesa, kilometa karibu 90, kutafuta unga wa Zambia. Butike nyingi za Katuba, Kenya na Ruashi zilianza kwa meza ya namna hiyo. Hazikuanza kwa mkopo wa benki, wala kwa msaada wa mtu. Kwa hiyo mtu anaposema "duka ndogo la mtaani" kana kwamba ni kitu cha bahati tu, tunamwomba akumbuke ya kuwa ndilo lililosimama wakati wakubwa wote walipoanguka.

Hata hivyo hatutaki kudanganya wasomaji. Mama wa kona si malaika. Tunajua meka iliyopigwa chini ili iingize kidogo. Tunajua unga uliochanganywa wa zamani na mpya, na samaki tomson aliyeganda, akayeyuka, akaganda tena kwa sababu SNEL ilikata umeme usiku. Tunajua bei inayopanda saa ile ile habari inapofika kwamba Zambia imefunga mahindi yake, hata kama mifuko iliyo ndani ilinunuliwa kwa bei ya juzi. Na kuna jambo lingine ambalo akina mama wenyewe walilisema katika mkutano kuliko wanaume: ile aibu ya deni. Mtaa wote unajua kwamba kwa fulani hakuna kitu. Binti anatumwa na sahani, na wateja wengine wanasikiliza. Katika magazini kubwa hakuna anayejua jina lako. Unachukua, unalipa, unatoka. Mwanachama mmoja mwanamke alisema: "Kule sipigi magoti kwa mutu." Sisi hatuwezi kulidharau neno hilo. Kilo ya kule ni kilo, na bei ya kule ni moja kwa mkubwa na kwa mdogo, ingawa mlinzi wa mlangoni anamwangalia mtu mwenye kandambili kwa jicho lingine.

Wala tusiseme kwamba huku tunanunua vya inchi na kule vya wageni. Tomson wa mama anatoka bahari ya Namibia. Kuku wake wa katoni ametoka Brazil, sawa na kuku wa mjini. Unga wa mama umepita mpaka ule ule. Serikali nayo ilijaribu zamani kuuweka mpaka kati ya wenyeji na wageni kwa karatasi: sheria ya biashara ya 5 Januari 1973, kisha amri ya 8 Agosti 1990 juu ya biashara ndogo, ambayo iliiweka biashara hiyo mikononi mwa Wakongomani. Kila mtu anayetembea mjini anajua namna inavyofuatwa. Sisi hatuulizi habari ya damu ya muuzaji. Mgeni anayekukopesha na kuja kwenye kilio chako ni jirani.

Basi, kama bidhaa ni zile zile, na kule kipimo ni cha haki zaidi, kuna dhambi gani kununua kule? Mwanasheria wetu (kila chama kina wa kwake) alisema hakuna. Alisema hivi: mama alikopesha kwa faida yake, ili asipoteze mteja. Ukilipa deni lako lote, hamdaiani tena. Shukrani haiandikwi kwenye kaye. Mtu akikutendea wema kisha akakufunga nao maisha yako yote, ule ulikuwa si wema, ulikuwa mtego.

Maneno mazuri, na tulikaa nayo kwa muda. Lakini tunaona yanasahau jinsi deni lenyewe linavyoishi. Mama hana sanduku lingine la pesa. Anapompa mwalimu meka moja bila pesa, ile meka imelipwa na mtu mwingine aliyenunua asubuhi kwa falanga ya mkononi. Pesa ya yule inarudi Kasumbalesa, inaleta mfuko mwingine, na mfuko huo ndio unaokatwa kwa wenye njaa. Kwa hiyo anayenunua kwa pesa ndiye anayemkopesha asiye na pesa, bila kumjua, na mama ni mkono tu unaopokea na kupitisha. Mwezi huu ni wewe, mwezi ujao ni mimi. Ni likelemba isiyo na mkutano wala mwenyekiti. Sasa, wote wenye pesa wakihamia mjini na kumwachia mama wenye deni peke yao, kaye inajaa na shelfu inakauka. Hatafunga kwa sababu ya hasira. Atafunga kwa sababu hesabu haikubali. Na siku hiyo asiye na pesa atakwenda kwa Banki Lamberi, ambako wanachukua televisheni ya mtu, kitambulisho, hata kadi ya mshahara, na faida inaliwa kabla ya deni.

Hapo ndipo tunapoachana na mwanasheria. Yeye anaona watu wawili, mama na mteja. Sisi tunaona mtu wa tatu aliyesimama nyuma na sahani tupu. Deni letu kwa mama linaweza kulipwa likaisha, ndiyo. Lakini ile falanga ya mtu mwingine iliyotulisha mwaka wa njaa, tutairudisha wapi, kama si pale pale tulipoikuta?

Na tusidhani kwamba mkubwa haanguki. Watu wa Goma na Bukavu waliozoea kufika Kigali waliiona Nakumatt ya Kenya, iliyofungua huko mwaka 2008, mashelfu yanang'aa. Mwaka 2018 iliwekwa chini ya msimamizi kwa sababu ya madeni, na mwaka 2020 wenye kuidai walikubali ivunjwe. Hebu fikirini: duka lisilomkopesha mteja hata kiberiti, lenyewe lilikuwa linaishi kwa kukopa mali za waliolipelekea bidhaa. Nalo lilikuwa na kaye yake.

Hatusemi mtu asiende mjini. Anayetaka kifaa cha jiko au maziwa ya mtoto yenye tarehe iliyo wazi, aende. Na mwenye mshahara mdogo sana ambaye tofauti ya bei kwa mfuko ni chakula cha siku mbili, nani atamhukumu? Neno letu ni kwa wale wenye nafasi ya kuchagua, na kwa vyama kama chetu vinavyoandika juu ya ujirani kisha vinanunua ujirani huo pasipo jirani. Tena mama naye ana lake la kufanya. Meka iwe meka. Na deni la mtu lisisemwe mbele ya watu. Lisomwe kwa sauti ya chini.

Mkutano uliamua hivi: unga, mafuta, mchele na maharagwe kwa mama, kuku na vinywaji mjini. Juu ya fakture, kijana mmoja alinunua kitabu cha fakture kwa wauza-karatasi, na binti wa mama, aliye darasa la mwisho, akaiandika vizuri kabisa, na muhuri hakuna.

Lakini kulitokea jambo. Mtunza-hazina alipohesabu mali aliyoletewa, alikuta mfuko mmoja unapungua. Alikwenda kuuliza. Mama alifungua kaye, akaonyesha majina ya wanachama watatu wa chama chetu, mmoja wao mkubwa kati yetu, ambao deni lao likijumlishwa lilipita bei ya mfuko huo. "Falanga ni ya chama," mama alisema, "na aba njo chama." Mtunza-hazina alikasirika sana. Wale watatu hawakufika siku ya chakula. Mwanasheria anasema ni wizi mtupu, mwalimu anasema ni hesabu ya haki iliyofanywa kwa njia mbaya, na sisi wengine tulikula bukari ile bila kujua vizuri tulikula ya nani. Neno hilo limeandikwa kwenye karatasi ya mkutano wa mwezi ujao, la tatu, baada ya michango ya kilio na kazi ya paa.